Kofia ya Saluni Katika Tumbo la Ndege

Mama Jeanine Nshobole aliniudhi kila siku ya kazi kwa miaka tisa, isipokuwa Jumapili, kwa sababu Jumapili alikuwa parokiani akiwaudhi wengine. Mimi ni Rachidi, mshika mizani wa kampuni ndogo ya ndege katika uwanja wa Goma. Babu yangu aliletwa huku na biashara kutoka Kasongo, na ukoo wetu wote ni watu wa kuuza, kununua na kuondoka upesi. Mnielewe basi taabu niliyoipata kukaa meza moja na mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuchelewesha.

Kampuni ilikuwa na ndege moja ya injini mbili. Mbele kulikuwa na viti kumi na vitano, nyuma ya viti kulikuwa na wavu, na nyuma ya wavu mizigo. Iliruka kwenda viwanja vya porini upande wa Walikale, ambako barabara imebaki jina tu. Kila kilicholiwa au kuuzwa huko kilipitia kwangu kwanza: unga, maharage, sabuni, simu, pikipiki zilizofunguliwa vipande vipande. Abiria wenyewe nao niliwapima, mmoja mmoja, kwa sababu ndege ndogo haina adabu na mtu mnene. Mimi nilipima na kuandika. Mama Jeanine alifungua na kunusa.

Alinusa kweli, sisemi kwa mfano. Aliingiza pua yake kwenye tangi la kila pikipiki. Mwenye pikipiki alikuwa ameapa kwamba petroli yote ameimwaga, na mama alipoinua uso, yule mtu alianza kuchekacheka.

"Nimebakisha kidogo tu, mama. Ya kufikia."

Ya kufikia! Miaka tisa, na kila mmoja wao alibakisha ya kufikia, ili akishuka kule aiunge pikipiki na kuiwasha mbele ya watu aonekane bwana. Mama Jeanine aliwaamuru wamwage yote, wasuuze tangi, waliache wazi juani mpaka likauke. Viberiti alivitoa hata mifukoni mwa mapadri. Betri alizifunga ncha kwa utepe, moja baada ya nyingine, kama anayewafunga watoto vifungo vya shati. Wakati huo abiria walisimama nyuma ya kamba, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu, matusi yote yaliishia kwangu.

Chanzo cha ukali wake nilikijua. Alizaliwa Walungu, akaolewa Bukavu, akakaa mtaa wa mlimani ambako nyumba za mbao zimeegemeana kiasi kwamba ukipiga chafya jirani anakuambia pole. Alfajiri moja nyumba ya tatu kutoka kwake ilishika moto. Watu wakaja na ndoo, wakauzima upesi, wakaanza kupongezana. Walipoingia chumba cha nyuma walimkuta mama mwenye nyumba kitandani, amekufa. Kitenge chake hakikuungua hata ncha.

"Moto inapiga kelele, Papa Rachidi," aliniambia zaidi ya mara mia. "Moshi haipige hodi."

Alipohamia Goma na mumewe, akafiwa naye, akapata kazi hii, mwalimu mmoja alitoka Kinshasa kuja kuwafundisha siku tatu. Wenzake walikwenda kula sambusa za bure. Yeye alijaza daftari. Akarudi na habari kwamba ndani ya ndege hakuna dirisha la kufungua wala njia ya kukimbilia. Moto ukianza nyuma ya wavu, moshi utafika kwenye viti kabla mtu hajaona mwali, na rubani ana dakika chache tu za kutafuta ardhi. Kwa hiyo, alisema, salama yote iko katika kujua mapema.

Jambo hilo ni gumu kumweleza mtu wa Goma. Sisi moshi ni hali yetu ya hewa. Mlima wa volkano unafuka juu ya vichwa vyetu, jiko la mkaa linafuka uani, takataka zinafuka kona ya barabara. Mtu hapa akiona moshi haulizi nini kinaungua, anauliza nani anapika.

Cha kujua mapema kilikuwa kidude cheupe, ukubwa wa kisahani, kimebanwa kwenye dari ya ndege nyuma ya wavu. Kikinusa moshi, taa nyekundu inawaka mbele ya rubani na kengele inalia. Sisi tulikiita pua. Pua hiyo hupimwa kwa kopo maalumu la kupuliza moshi kidogo wa bandia, na kopo letu lilikwisha. Patron wetu mwenye kampuni, Muzee Léopold, akasema litanunuliwa. Tulisubiri mpaka tukaacha kusubiri.

Basi siku moja Mama Jeanine akanijia akaniuliza kama nyumbani kwangu tuna udi. Mke wangu, Shida, hakosi udi. Nikamletea kifungu nikidhani anataka kufukiza nyumba. Kesho yake, asubuhi na mapema, ndege ikiwa tupu na gari la mafuta halijaja, nikamwona anapanda na kijiti cha udi kinafuka ndani ya mfuniko wa kopo la maziwa. Akakiinua hadi kwenye pua. Kengele ikalia. Komanda, rubani wetu, akapiga kelele kutoka mbele kwamba taa imewaka. Mama akashuka, akazima udi kwa maji, akaandika katika daftari lake.

Alifanya hivyo kila asubuhi, mwezi baada ya mwezi. Mkatoliki mwenye rozari shingoni alimaliza udi wa Waislamu, na mke wangu akaanza kuniuliza ninaupeleka kwa nani.

Kwa upande wa ndege, ilikuwa kazi safi. Kwa upande wa watu, ilikuwa balaa, na hapo ndipo ninapotaka kuvua kofia yangu niitafune. Abiria waliowahi kufika walimwona mjane akipanda ndege tupu, anafukiza, midomo inachezacheza, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuhesabu sekunde. Mnadhani walisema anapima mtambo? Thubutu. Haikupita wiki mbili, soko zima lilijua kwamba kampuni yetu ina mama mulozi anayefunga ndege kwa dawa. Wengine wakasema ni dawa nzuri, inazuia ajali, wakaja kumwomba afukize na duka lao. Wengi wakasema ni mbaya, wakahamia kampuni nyingine.

Muzee Léopold akamwita mbele yetu sote.

"Mama Jeanine, sikiya muzuri. Ukiwasha tena ile moshi mu ndege yangu, ao ukinisimamishia tena ndege na batu bako banangoya, kazi yako imekwisha. Siku ile ile."

Mama akajibu, "Ndiyo, patron." Mshahara ule ndio uliokuwa ukiwalisha na kuwasomesha wajukuu wake wawili pale mtaa wa Katoyi, na hakukuwa na mwingine. Sote tulilijua hilo, na Léopold kuliko sote.

Kisha ukaja unga wa muhogo. Msimu ule wafanyabiashara waliupeleka kwa wingi, katika magunia yaliyochakaa, na vumbi lake likajaa hewani kila gunia lilipodondoshwa. Pua ikalidhani ni moshi. Ndege ikaruka, kengele ikalia, Komanda akageuza, tukafungua tukakuta unga. Mara ya pili, unga. Mara ya tatu Léopold alirusha simu yake mwenyewe chini. Mama Jeanine akasema dawa ni magunia mazima na kufagia sakafu. Nani alimsikiliza? Kufagia ni kazi.

Baada ya hapo kelele zikakoma ghafla. Siku moja nilipanda nyuma kutafuta gunia lililopita bila kupimwa, nikainua macho. Pua ilikuwa imevaa kofia. Kofia ya plastiki, ile ya saluni ambayo akina mama huvaa wakikalishwa na dawa ya nywele, ya rangi ya waridi, ina maua madogo, mpira wake umekaza barabara kuzunguka kile kisahani.

Twizeyimana, mkubwa wa wapakiaji, alikuwa nyuma yangu akitabasamu kama mtu aliyevumbua gurudumu. Mke wake anasuka nywele.

"Tumeivalisha, Papa Rachidi. Vumbi haiingie. Tukimaliza kupakia tunaitoa."

Nikacheka. Naapa nilicheka, ilikuwa inachekesha. Kesho yake, upakiaji umekwisha, nikachungulia, kofia ipo. Kesho kutwa, ipo. Sikusema neno kwa mtu. Ndege zilikuwa zinaondoka kwa saa yake na zinafika. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, abiria walinisalimu kwa heshima. Léopold alimpa Twizeyimana kreti ya bia kwa kile alichokiita ufundi, bila kuuliza ufundi gani. Mambo yalikuwa matamu, nami nikayaacha yawe matamu.

Mama Jeanine peke yake ndiye aliyekosa amani.

"Pua inanyamaza sana," aliniambia, ameweka viwiko juu ya meza yangu. "Unga ni ile ile, magunia ni ile ile. Juu ya nini haipige tena kelele?"

"Labda imezoea," nikamjibu.

Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaamini. Aliamini kwa sababu ni mimi niliyesema. Hilo neno ningelitapika leo kama lingetapikika.

Wiki tatu tangu kofia ivalishwe, siku ya Alhamisi, mawingu yalishuka mpaka kilima cha Munigi na ndege ikakaa. Abiria kumi na wanne walikuwa nyuma ya kamba tangu saa moja asubuhi. Wapakiaji walikuwa wameingiza nusu ya magunia. Gari la mafuta lilikuwa bado. Saa nne mawingu yakaanza kufunguka, na Mama Jeanine akafungua mkoba wake, akatoa kijiti cha mwisho cha udi na ule mfuniko.

"Mama, usifanye," nilimwambia. "Muzee yuko ofisini."

"Papa Rachidi, posho tatu, wiki tatu nzima, sikulale juu ya hii kitu. Bora lawama kuliko matanga."

Akapanda, watu wote wakimwona. Komanda, ambaye naye alikuwa amechoka kukaa, akaingia mbele kutazama taa. Udi ukafuka. Tukangoja. Hakuna kengele. Mama akasogeza karibu zaidi. Komanda akatoa kichwa dirishani akasema taa haiwaki, haiwaki kabisa. Ndipo mama akapanda juu ya magunia ya unga na viatu vyake vya Jumapili, akapapasa dari, akashuka ameshika ile kofia ya waridi kwa vidole viwili.

"Hii ni ya nani?"

Twizeyimana alitazama viatu vyake mwenyewe. Mimi nilitazama mizani yangu, ambayo haikuwa na mtu wala mzigo juu yake, nikaisoma kwa makini kana kwamba sifuri ni habari mpya.

Léopold akafika mbio. Unadhani alikasirikia kofia? Kofia aliitupa kando kama ganda la ndizi. Alichokiona yeye ni udi, na abiria wawili waliokuwa tayari wanadai kurudishiwa nauli kwa kuogopa ulozi.

"Kofia imetoka? Imetoka. Basi, bimekwisha. Lakini weye, mama, nilikuambia. Toa gilet, nenda ukangoyee karatasi yako pale depo."

Akavua kizibao chake cha manjano, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza yangu. Hakulia. Alitembea hadi depo akakaa juu ya gunia la maharage, mkoba mapajani, kama mgonjwa anayesubiri zamu yake kwa daktari.

Ikawa haraka haraka. Abiria walipimwa, hata wale wawili, gari la mafuta likaja likaondoka, mizigo iliyosalia ikaingizwa bila mtu wa kuifungua. Mfanyabiashara mmoja, Mama Exaucée, aliweka katoni kwenye mizani.

"Ni biskuti tu, Papa Rachidi."

Kilo thelathini na moja. Mimi nimepima katoni za biskuti kwa miaka. Katoni ya ukubwa ule, hata uzishindilie biskuti kwa mguu, haifiki kilo tisa. Mkono wangu ulilijua hilo kabla ya macho. Nikaandika: biskuti, thelathini na moja. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na aibu, na nilitaka ile ndege itoke machoni pangu.

Iliruka. Dakika kumi na moja baadaye tukaisikia inarudi.

"Unga tena!" Léopold akafoka. "Si mumeona? Mumetoa kofia, unga tena!"

Haikuwa unga. Ndege iliposimama, mlango ulifunguka kabla panga za injini hazijatulia, na watu wakamwagika nje wakikohoa, kanga na vitambaa mdomoni, macho mekundu. Nyuma yao ulitoka moshi mzito wenye harufu kali ya plastiki. Zimamoto wa uwanja walipuliza unga wao mweupe, wakamwaga maji mengi, na mwishowe Twizeyimana, maskini, na mikono yake miwili, akavuta nje kile kilichokuwa katoni ya biskuti. Kilikuwa kimejaa betri za simu na zile za sola, zimepangwa ncha kwa ncha bila hata kipande cha utepe. Mama Exaucée huuza chaji kule machimboni, na alitaka afike nazo zimejaa. Magunia mawili ya unga yalikuwa yameshaungua ubavu.

Hakufa mtu. Komanda alikaa chini kwenye lami, akasema pua ililia mapema, wakati bado anaiona njia ya kutua, na kwamba dakika tano zaidi asingekuwa anaona hata saa za vipimo mbele yake.

Sasa sikilizeni walivyo wanadamu. Watu kumi na wanne wameokolewa na kidude ambacho mwanamke mmoja alipoteza kazi ili kukivua kofia. Mmoja wao, Mama Exaucée mwenyewe, masizi usoni, betri zake zinafuka mbele yake, akanyoosha kidole kuelekea depo.

"Ni ule mama! Ameweka moshi yake mu ndege, beko bamemufukuza, akaachia moshi itufate!"

"Penye moshi hapakosi moto!" mwingine akadakia, na wote wakaitikia kama wako kanisani. Mulozi. Amefunga ndege. Tumemuona na macho yetu. Mtu akaokota jiwe, na Goma ni mji wa mawe, hutafuti mbali. Wakaanza kutembea kuelekea depo.

Mimi si shujaa. Tangu utoto napenda kukaa. Lakini mwanamke yule alikuwa pale kwa sababu ya mdomo wangu uliofungwa, na nilijua mji huu unavyowafanyia walozi. Nikapanda juu ya mizani ili wanione, sindano ikaruka hadi tisini na mbili, nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo.

"Baki pale! Baki pale bote! Ndege ilikuwa na pua ya kusikia moshi, na pua walikuwa bameifunika kofia. Posho tatu! Mimi niliiona, nikanyamaza! Ule mama, njo yeye aliitoa. Kama asingeitoa leo, nyote mungekuwa maiti kule juu, weye wa kwanza, Mama Exaucée, na biskuti yako ya kilo trente-et-un, yenye mimi niliandika na nilijua si biskuti!"

Wakasimama. Jiwe lilibaki mkononi mwa mwenye jiwe, halijui liende wapi. Komanda akainuka kwenye lami, akamwambia Léopold mbele ya watu wote kwamba yeye hatagusa tena ndege hii kama mizigo haikukaguliwa na Mama Jeanine. Hiyo, bila shaka, ndiyo sauti ambayo Léopold aliisikia.

Mama alikuwa ametoka hadi mlangoni mwa depo. Hakuwatazama wale watu. Alinitazama mimi, juu ya mizani, nimesimama kama mjinga.

"Posho tatu, Papa Rachidi?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akahesabu kwa vidole, kama alivyokuwa akihesabu sekunde, midomo inachezacheza. Siku za kazi kumi na nane, safari mbili kila siku. Akaacha kuhesabu, akaja mezani, akachukua kizibao chake, akakivaa.

Kopo la kupimia lilinunuliwa kabla ya Jumamosi. Sakafu ikaanza kufagiliwa. Mimi sikufukuzwa, kwa kuwa Léopold hakupata mtu mwingine wa mshahara ule, na Mama Jeanine hakumwomba anifukuze. Alinisalimu kila asubuhi kama zamani, akamuulizia Shida na watoto, akanigawia muhogo wake wa kuchoma.

Lakini tangu siku ile, nikishapima mzigo, yeye aliuvuta akaupima upya. Nikishampima abiria, nimeandika, nimesema kilo zake kwa sauti, mama alimwambia kwa upole, "Panda tena, papa," akainama yeye mwenyewe kusoma sindano. Watu walilalamika: tumepimwa, tunachelewa, huyu mzee hapa kazi yake nini? Matusi yakaniangukia mimi. Mpaka siku uwanja ulipofungwa moja kwa moja na kila mtu akaenda kwake, mizani niliyoishika miaka tisa, nimekaa pembeni yake na kalamu mkononi, bado Mama Jeanine alikuwa anaisoma mwenyewe.